Neno Lililovuka Feri

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, nikiwa peke yangu chumbani, huutafutia uso wangu mahali pa kuuficha. Ni siku niliyovuka feri ya Likoni, nikakata mji mzima, nikavuka na daraja mpaka Kisauni, mkononi nimeshika chupa tupu, nikienda kutafuta mafuta yanayootesha nywele kwa usiku mmoja.

Usicheke bado. Habari yenyewe niliipata Changamwe kwa muuza kahawa, kutoka kwa mtu aliyeapa wallahi. Alisema Kisauni kuna mzee aliyekuwa na upara unaong'aa, upara ambao kunguru wakipita juu yake walishuka kujitazama. Mzee huyo akapakwa mafuta fulani baada ya isha, akalala. Alfajiri anaamka kwenda msikitini, kofia haiingii. Aliporudi nyumbani mkewe hakumjua, akamfungia mlango na kumwitia mwizi. Nami, mtu mzima niliyesoma shule ya usiku nikapewa cheti, niliamini yote, hata kofia. Siku hizo upara ulikuwa umeshaanza kunibishia hodi hapa mbele, na mfa maji hukamata maji.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yako. Juzi ulinionyesha simu yako. Umeitangaza sabuni unayoitengeneza kwa picha ya kuazima, chini yake umeandika "ngozi mpya kwa wiki moja," na rafiki zako wamejazia kwamba wao wamepona madoa, madoa ambayo mimi sikuwahi kuyaona nyusoni mwao. Ukaniambia, "Babu, biashara ya mtandaoni ndivyo inavyoanzwa. Wewe ulisomea mambo haya, nitafutie maneno matamu zaidi." Nikasema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kichwa, mwanangu. Kaa nikueleze kilichokuwa kikiniuma.

Aliyenilea ni shangazi yangu, Bi Mwanasiti, pale Timbwani, upande wetu wa Likoni. Kazi yake ilikuwa mafuta ya nazi. Alikuna nazi kwa mbuzi, akakama tui, akalichemsha polepole mpaka mafuta yakaelea juu, akayachuja na kuyatia katika chupa za soda. Kila chupa aliiziba kwa kipande cha leso yake kuukuu ya buluu. Matangazo yake yalikuwa haya: mteja akija, alimtia tone kiganjani akamwacha anuse. Akiulizwa yanafaa nini, alijibu, "Ni mafuta ya nazi, mamangu. Hulainisha." Basi. Hakuongeza wala hakupunguza, na kwa neno hilo moja wanawake wa Likoni walimwamini kuliko walivyowaamini waume zao.

Mimi nikaona shangazi anapoteza bahati. Nilikuwa nikisoma masomo ya biashara jioni katika shule ya msingi, tumekalia madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alituambia jioni moja, "Mteja hanunui kitu. Hununua matumaini." Maneno hayo yaliniingia kama jini. Huenda mwalimu alikuwa na maana nzuri, maana aliendelea kueleza kwa muda mrefu, lakini mimi sikusikia tena. Siku niliyopewa cheti nilitembea kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikaomba talaka.

Enzi hizo hatukuwa na mitandao hii yenu, ila tulikuwa na feri. Fikiria watu wote wale wamesimama bega kwa bega, hawana la kufanya mpaka ng'ambo ifike, na kila mmoja ana masikio mawili yasiyo na kazi. Neno ulilolisema asubuhi ukiwa Likoni, jioni lilikuwa limeshakula chakula Changamwe na kulala Bamburi. Huko ndiko nilikopanda tangazo langu.

Nilimchukua rafiki yangu Karisa, kijana wa Kigiriama aliyekuwa kibarua bandarini, mtu mwenye uso wa kuaminika kuliko wangu. Tukasimama katikati ya kina mama wenye vikapu, na mimi nikapaza sauti kidogo.

"Karisa, umemwona Mzee Kibwana siku hizi?"

"Nilimwona jana. Nikampita."

"Umempita kwa nini, na mlikuwa marafiki?"

"Ndugu yangu, ana nywele. Nilidhani ni mtoto wake."

"Na ule upara?"

"Labda muulize Bi Mwanasiti wa Timbwani. Mimi nasikia ni mafuta yake."

Mzee Kibwana hakuwapo, mwanangu. Nilimzaa mimi kwa mdomo, pale pale, juu ya maji. Mama mmoja akageuka akaniuliza, "Mafuta gani hayo, baba?" Nikajifanya sitaki kusema, nikaangalia pembeni. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wote, na ndipo palipokuwa na dhambi yote. Karisa alikula viazi karai vyangu kwa kazi ile, na kila tulipovuka, mzee yule aliongezewa nywele. Mwisho alikuwa karibu kusuka.

Wateja wakaja. Wakaja kutoka Mtongwe, wakaja kutoka ng'ambo, wakapanga mstari mpaka kuku wetu wakakosa pa kupita. Shangazi alikuna nazi mpaka mkono ukavimba. Jioni moja akaniita.

"Athmani."

"Naam, shangazi."

"Hawa watu wanapokuja, mbona wote wanatazama kichwa changu? Leo mmoja kaniomba nivue mtandio aone. Umewaambia nini?"

"Nimetangaza tu. Ndiyo elimu niliyoisomea."

"Babangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafuta yangu yalikuwa yamekaa nyumbani kwa heshima zake. Nani aliyeyatembeza?"

Nikacheka, nikamwambia methali hiyo ni ya kabla ya masomo. Astaghfirullah. Nilimcheka mtu aliyenifunga viatu vya kwanza.

Miezi ikapita, Karisa akachoka na viazi, mimi nikaacha kusimulia. Nilidhani neno nikiliacha nalo litaniacha. Kumbe lilikuwa linaendelea na safari zake. Lilihama Likoni, likabadilisha jina la mzee, likamwoza mke, likamnunulia kofia. Siku lilipokutana nami kwa muuza kahawa Changamwe, lilikuwa limenenepa na kuvaa nguo za watu, na mimi babake sikulijua. Nikalipa kahawa, nikarudi Likoni kutafuta chupa, nikavuka tena kwenda Kisauni.

Huko nilipouliza habari za mafuta ya nywele, kila mtu alinielekeza nyumba moja. Nikapiga hodi. Akatoka mama wa makamo, Bi Mariamu, mtu mkarimu, akanikaribisha barazani. Nikamuuliza kuhusu mzee wa kofia.

"Mzee mwenyewe hatujamwona," akasema. "Watu wanasema yuko Kiembeni. Lakini mafuta tunayo. Ngoja."

Akaingia ndani, akarudi na chupa ya soda iliyozibwa kwa kipande cha leso ya buluu.

Nilikitambua kile kitambaa, mwanangu. Nilikuwa nimebebwa mgongoni kwa leso ile. Kabla sijapata la kusema, akamwita binti yake, mtoto wa madarasa ya chini hivi, akamfungua kitambaa kichwani. Mtoto alikuwa na mapunye. Nusu ya kichwa haikuwa na nywele, na sehemu nyingine ilikuwa imechubuka, inatoa maji.

"Hospitali walitupa dawa," mama akasema, "ikaanza kusaidia kidogo. Halafu tukaambiwa mafuta haya ni bora na yasichanganywe na dawa, tukaiacha. Mimi ningesita, baba, lakini nilisikia ni ya Bi Mwanasiti wa Likoni. Yule mama hana uongo. Basi tunangoja."

Hilo la kutochanganya sikulisema mimi. Lilitiwa njiani. Lakini aliyepanda mbegu hawezi kukana na kusema tawi hili si langu.

Ungedhani nilimwambia ukweli. Sikumwambia. Niliiweka chupa yangu tupu chini ya kiti, nikanywa chai yao, nikala mahamri yao, mtoto ananitazama. Nilipoondoka nikasema, "Inshallah, zitaota." Maneno hayo, mwanangu, yananiuma kuliko yale yote ya feri. Ya feri niliyasema nikiwa mjinga. Haya niliyasema nikijua.

Haikupita wiki, Bi Mariamu akaja mwenyewe Timbwani na binti yake. Kichwa kilikuwa kimezidi, akataka mafuta makali zaidi. Mimi nilikuwa ndani, nikabaki nyuma ya pazia. Shangazi aliinuka kwenye mbuzi yake, akanawa mikono, akamfungua mtoto kitambaa taratibu, akaangalia.

"Mamangu," akasema, "haya ni mafuta ya nazi. Hulainisha. Hayaoteshi nywele, hayaponyi mapunye. Mrudishe mtoto hospitali leo."

"Lakini watu wote wanasema."

"Mimi ndiye niliyeyapika, nami sikusema. Nani aliyesema?"

Nikatoka. Si kwa ushujaa, miguu ilikataa tu kuendelea kujificha. Bi Mariamu akanitazama, akanijua. "Huyu alikuja kwangu," akasema pole pole. "Alikunywa chai. Alisema zitaota."

Shangazi hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alimwona Bi Mariamu akimtazama kwa shaka, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka, na macho ya shangazi yakaanguka chini. Jina alilolijenga kwa kusema neno moja miaka yote ile, nilikuwa nimelivunja kwa kusema maneno mengi. Akavaa buibui lake. "Twende sote," akasema. "Na wewe, Athmani."

Sasa sikiliza. Shangazi alikuwa mwanamke wa haya, mtu ambaye hata kwenye harusi aliimba ndani ya mtandio. Siku ile, feri ilipoanza kusogea, alisimama mahali pale pale niliposimama na Karisa, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Enyi ndugu. Mimi ndiye Bi Mwanasiti wa mafuta. Ni mafuta ya nazi tu. Hayaoteshi nywele. Mwenye mgonjwa ampeleke hospitali. Aliyedanganya ni huyu, mtoto wangu mwenyewe."

Wako waliocheka. Mmoja akamwambia, "Bibi, labda yamekuishia sasa wataka kutufukuza." Akarudia. Alikwenda kwa kila kundi, mama kwa mama, nami nyuma yake kama mbuzi wa kafara, na kila macho yaliponigeukia nilitamani bahari ipande. Tulimfikisha mtoto hospitali, akarudishiwa dawa. Nywele zake zilirudi kwa majira yake, isipokuwa sehemu moja juu ya sikio ambayo haikurudi kabisa.

Na tangu siku hiyo shangazi kila alipovuka alilirudia tangazo lake. Wangapi walilisikia, sijui. Ninachojua ni kwamba uongo wangu ulivuka siku moja kwa mbio, na ukweli wake ulihitaji kuvushwa kila safari, kwa mkono, kama mzee kipofu.

Basi, mwanangu, feri yako unayo mfukoni, nayo haitii nanga. Ukitaka kuuza sabuni, piga picha ya sabuni yako mwenyewe, si ya kuazima. Sema imetengenezwa kwa nini, inasafisha nini, na haiwezi nini. Anza na wale wanaokujua na kujua unapokaa, maana hao ndio watakaokuja kukuuliza ikiwachubua, na mtu anayeweza kuulizwa huchunga mdomo. Rafiki zako waambie wafute yale ya madoa. Sifa ya kukodi ni Karisa na viazi vyangu, na viazi vile havijanishuka kooni mpaka leo. Anayekuuliza, mjibu hata kama jibu litamfanya asinunue. Na ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale, urudie mpaka uchoke. Wateja watakuja polepole. Waache waje polepole. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha namna hiyo hakimwagiki.

Mungu akupe mdomo mzito na mkono mwepesi. Akujaalie riziki ya halali, na jina ambalo mtu wa Kisauni akilisikia atanunua akiwa amefumba macho, na akifumbua asijute. Amin.

Limebaki moja. Jioni ile tulipokuwa tukirudi kwa feri, shangazi na mimi tu, nilimweleza kwa nini nilikwenda Kisauni na chupa tupu. Nikamwambia nilidhani kuna mafuta mengine, na kwamba yule mzee wa kofia nilimwamini kweli.

Shangazi hakucheka. Alinishika mkono kama nilipokuwa mdogo.

"Hakuna mzee, babangu," akasema. "Ulimzua wewe, hapa hapa tuliposimama."