Wanaume Watatu Waliombeba Mama

Kijijini kwetu, Kirua Vunjo, nilipokuwa shule ya msingi, walikuwepo wanaume watatu waliopigana vita vya Kagera. Mmoja alikuwa baba yangu mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa. Wa pili alikuwa seremala, mwenye kibanda chake karibu na njia ya kwenda kanisani. Wa tatu alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake, akichechemea mguu wa kushoto, na kijiji kizima kilimwita Sajini. Hata mkewe alimwita hivyo.

Niseme ukweli tangu mwanzo: hatukuwaheshimu. Naambiwa waliporudi walipokewa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na nyimbo, watu wakashuka mpaka barabara kubwa kuwalaki. Sikumbuki, nilikuwa mdogo mno. Mimi nilipopata akili shangwe zilikuwa zimekwisha. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni tuliipata kwa kujuana, na nilisikia watu wazima wakisema vita ndivyo vilivyoila nchi. Baadaye maduka ya mjini yalianza kujaa tena, nguo za mitumba zikapanda mlimani kwa marobota, na hakuna aliyetaka kusikia habari za mahandaki.

Baba mdogo hakuwa akipenda kelele. Mvua kubwa ikipiga kwenye bati, alitoka ndani akajifunika gunia, akaenda kukaa katikati ya migomba mpaka iishe. Sisi watoto tuliona ni kichekesho. Tulikuwa tunanyemelea nyuma ya nyumba yake, tunapiga debe tupu kwa jiwe, halafu tunakimbia. Na mimi nilipiga, mtoto wa kaka yake. Siku moja alitoka akatukuta bado hatujakimbia. Alitutazama mmoja mmoja, uso umemlegea kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha akarudi ndani. Hakutuchapa. Hakusema hata kwa baba.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la sita, Mama alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia. Baba alikuwa akifanya kazi Moshi mjini, alipanga chumba mtaa wa Njoro, na alipanda nyumbani kila Jumamosi. Uchungu ulimshika Mama siku ya Jumatano alfajiri. Bibi alimwita mkunga wa kijiji, mama mmoja mzee aliyewazalisha karibu mama zetu wote. Kulipopambazuka, yule mkunga alitoka nje akanawa mikono, akamwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Mtoto amekaa vibaya. Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali."

Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima bila kupumzika. Barabara ilikuwa imemeguka, na pikapu pekee ya kijijini ilikuwa imekwama chini huko tangu Jumatatu.

Bibi alinigeukia. "Kamwite baba yako mdogo."

Miguu ilikuwa mizito, kwa sababu siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu nipige debe lile. Nilimkuta amesimama mlangoni, gunia begani. Nilisahau hata kumwamkia. Nikasema, "Mama anakufa."

Alivaa viatu, akaniambia, "Kimbia kwa Sajini. Mwambie machela. Neno hilo tu."

Sajini alikuwa anakunywa uji. Nilipotamka neno lile aliweka bakuli chini, akamwambia mkewe alete blanketi la jeshi, akatoka akichechemea kwa mwendo ambao sikujua anao. Tulipofika kwa seremala, tayari alikuwa anang'oa mbao mbili ndefu kwenye kitanda alichokuwa akitengeneza kwa ajili ya harusi ya watu. Baba mdogo alikuwa amempitia. Walifunga blanketi kwenye mbao kwa kamba za katani, watatu hao, mikono ikipishana bila kugongana, wala hakuna aliyemwambia mwenzake afanye nini.

Wanaume wengine wa jirani walikuwa wameshakusanyika uani kwetu. Mmoja akasema ingekuwa vizuri kusubiri mvua ipungue. Mwingine akasema daraja la mtoni limekwenda na maji tangu usiku.

"Ninyi subirini," Sajini alisema. "Sisi tunakwenda."

Walimlaza Mama, wakamfunika kwa majani ya migomba juu ya khanga. Wawili walibeba, mmoja alipumzika akitembea mbele kupima njia. Sajini alihesabu hatua kwa sauti. Zikifika mia mbili, aliyepumzika aliingia na mmoja alitoka, na machela haikuyumba. Bibi na mimi tulifuata nyuma na kikapu cha nguo. Udongo mwekundu ulikuwa laini kama ugali mbichi. Nilianguka mara nyingi. Wao hawakuanguka. Hata Sajini, na mguu wake ule.

Tulipofika mtoni, daraja kweli halikuwepo. Maji yalikuwa ya kahawia, yanabeba matawi na vigogo, na kelele yake ilinifanya nizibe masikio. Hapo ndipo nilipomwona baba mdogo akitetemeka. Aliishika machela kwa nguvu, lakini meno yalikuwa yanagongana. Ndiyo ile hofu ya kelele tuliyokuwa tukiicheka nyuma ya nyumba yake. Safari hii nilikuwa karibu, nikamwona machoni, na sikuona kitu cha kuchekesha.

Sajini alimshika kidevu kama mtu anavyomshika mtoto. "Niangalie mimi. Usiangalie maji."

"Nakuangalia, afande."

"Mimi nipo wapi?"

"Upo mbele yangu, afande."

"Basi twende."

Wakainua machela juu ya vichwa. Seremala alikuwa ubavuni upande maji yalikotokea, akiwakinga kwa mwili wake, maji yamemfika kifuani. Katikati ya mto Mama alipiga ukelele, na mimi nikapiga, lakini wao walikwenda hatua kwa hatua, Sajini akirudi kinyumenyume ili baba mdogo asipoteze uso wake. Walipomfikisha ng'ambo, seremala alirudi akanibeba mgongoni. Bibi alimwambia wazi kwamba yeye hataweza, akabaki ukingoni amesimama, mikono kichwani, hadi tulipopotea kwenye migomba.

Juu ya kilima cha pili walipumzika kidogo. Mabega ya seremala yalikuwa yamechubuka, damu inachanganyika na mvua. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Yule wa kule vitani alikuwa mzito zaidi."

"Nyamaza," Sajini alisema. "Mtoto anasikia."

Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. "Yule hatukumfikisha," alisema.

Sajini alishika mbao za machela, akasema, "Inua," wakainua.

Tulifika hospitali adhuhuri. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji, nao wakakaa sakafuni kwenye varanda, migongo ukutani, maji yakiwachuruzika na kutengeneza dimbwi. Mhudumu mmoja aliwagombeza kwa kuchafua sakafu. Waliomba radhi. Baadaye alikuja sista, akasema mtoto, wa kiume, hakupona.

"Na mama yake?" baba mdogo aliuliza.

"Mzima. Ataishi."

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Seremala alifunika uso kwa viganja. Walinikabidhi kwa sista, wakachukua machela tupu, wakaondoka kabla baba hajafika kutoka mjini. Walirudi kuvuka mto ule ule, na hakuna mtu aliyekuwa amewaambia asante.

Wala hatukuwaambia baadaye. Mama alirudi nyumbani bila mtoto. Bibi alimpikia mtori wa ndizi na nyama kama anavyopikiwa mzazi, naye akawa anaukoroga tu mpaka unapoa. Siku ile haikutajwa tena mbele yake. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani alishindwa kujua mtu anashukuruje kwa msiba. Miaka mingi baadaye Mama aliniambia, "Ningekwenda kuwashukuru, wangetazama mikono yangu, wangeona haina kitu. Nilijua ingewaumiza. Ikapita wiki, ikapita mwaka, ikawa aibu."

Mimi niliacha kupiga debe. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yangu yote.

Nilikwenda sekondari Old Moshi, kisha chuo, nikawa mwalimu mjini. Huku nyuma kahawa ilikuwa inashuka thamani mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nikipanda nyumbani likizo naona shamba la huyu limeng'olewa, la yule limepandwa nyanya. Vijana walishuka mjini au wakaenda kubeba mizigo ya watalii mlimani. Seremala alifariki kwa ugonjwa wa kifua, nikasikia habari zake akiwa ameshazikwa.

Baba mdogo alifariki mwaka wangu wa kwanza kazini. Kwenye mazishi walisimama wengi. Mzee wa kanisa alisema marehemu hakukosa ibada. Jirani alisema alitunza ng'ombe vizuri. Mtu wa serikali ya kijiji alisema alipigania taifa, akakaa. Mwongozaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nilikuwa nimeketi benchi la pili. Nilikuwa na neno. Nilitaka kusema kuhusu mto, na kuhusu debe pia. Lakini nilikuwa nimesafiri tangu asubuhi, nilikuwa nimesahihisha madaftari wiki nzima, na nilijiambia nimechoka. Watu wakaanza kuimba, jeneza likashushwa. Nimechoka mara nyingi tangu siku ile, lakini uchovu ule wa benchi la pili haujaniisha.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, Baba naye ameshatangulia, Mama aliponiambia, "Sajini bado yupo. Nenda. Mimi magoti yangu hayapandi tena kilima kile."

Nilikwenda Jumamosi, na sukari, sabuni na sweta la mtumba zito. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba akipukuchua maharage, macho yana ukungu. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi na binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nikajitaja, nikamtaja baba, nikamtaja baba mdogo. Alitabasamu kusikia la mwisho. Nikamwambia nimekuja kushukuru kwa siku waliyombeba Mama kwenda hospitali.

Alifikiri. "Mama yupi?"

Nilimweleza. Mvua, kitanda cha harusi, mto. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na maharage, na nikaona wazi kwamba hakumbuki. Kwake ilikuwa safari moja kati ya nyingi. Nilikuwa nimebeba siku ile miaka yote, yeye alikuwa ameitua.

"Na mto walivukaje?" aliuliza, kama anayeulizia watu wengine.

Nikamweleza walivyovuka.

"Walifanya vizuri kuinua juu ya kichwa," alisema. "Halafu? Mama alipona?"

"Alipona, baba. Yupo nyumbani. Yeye ndiye aliyenituma."

Vidole vilisimama. "Yupo? Anakula mwenyewe? Anatembea?"

"Anatembea kidogo. Magoti tu."

"Alifika," alisema taratibu, na machozi yakamtoka kwenye yale macho yenye ukungu, bila yeye kuyafuta. "Basi mmoja alifika."

Nikamwambia asante kwa Kiswahili, halafu nikamwambia kwa lugha yetu, aika, kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Alinipa mkono uliokuwa na vumbi la maganda ya maharage, akaushika wangu kwa muda mrefu.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ananingoja mlangoni. "Amesema nini?"

"Ameuliza kama ulipona."

Mama akaniambia nimtafutie gari kesho yake baada ya ibada, pikapu au chochote, maana anataka kwenda mwenyewe. Tulimpakia mbele, karibu na dereva. Sajini aliposikia sauti yake alijaribu kusimama, Mama akamwambia akae, kisha Mama naye akaketi kando yake kwenye benchi. Mama alivuta ungo wa maharage ukawa katikati yao, wakapukuchua pamoja hadi jua lilipoanza kushuka.