Sinema Tuliyotazama Tukingoja Gari la Gitega

Mizigo yetu ilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Shangazi alikuwa na begi moja tu, na juu yake alikuwa ametandaza kitenge kipya ili kisipate mikunjo. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kochi, simu mapajani, nikingoja dereva apige. Alikuwa ameniambia saa nne. Sasa adhuhuri ilikuwa imepita, na bado alikuwa kwenye foleni ya mafuta, au ndivyo alivyosema.

Nilikuwa nimetoka Gitega siku iliyotangulia kuja Muyinga kumchukua. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, naye alikataa katakata kuolewa bila shangazi. Baba, ambaye ni kaka yake shangazi, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Fanyeni mnavyotaka," akaendelea kupiga pasi suruali ya mteja.

Sisi ni familia ya mafundi cherehani pale Musinzira, mtaa wa Gitega, Waislamu tangu enzi za babu. Shangazi alifukuzwa nyumbani kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu alimfuata mfanyabiashara Mkongomani, Mkristo wa Kivu ya Kusini. Nilikua nikijua yupo, lakini hakuna aliyethubutu kumtaja mbele ya baba. Mume wake alipofariki, kwetu hakwenda mtu kuzika. Mimi nilianza kumtembelea nikiwa mtu mzima, nikisingizia kwamba nakwenda kununua vitenge alivyokuwa akiuza.

"Ukiendelea kutikisa huo mguu utanitobolea sakafu," alisema. "Tutazame kitu."

Akatoa diski ya sinema kutoka kwenye kabati la marehemu mume wake. Ilikuwa sinema ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, ya Kifaransa. Alisema waliitazama mara nyingi wakiwa wawili, kwenye viti hivi hivi.

"Yeye ndiye alikuwa ananitafsiria. Mi Kifaransa sikisikii. Leo we utanitafsiria."

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Katika mji mdogo kulikuwa na kijana mwenye meno yaliyopandana, na mji mzima ulikuwa ukimcheka. Siku moja kijiko cha fedha kikapotea nyumbani kwa meya. Bila kuuliza, watu wakamtimua kijana huyo, wakimsindikiza kwa kupiga masufuria mpaka nje ya mji. Miaka ikapita. Akarudi na ndevu, kofia ndefu na mkoba wa ngozi, sasa ni daktari wa meno. Hakuna aliyemtambua. Wa kwanza kuja alikuwa meya, shavu limevimba. Daktari akainama kwa heshima kubwa, akamketisha, akang'oa jino zima lililokuwa jirani na lile bovu.

"Samahani, mheshimiwa," nikatafsiri. "Jino hili nalo lilikuwa na tabia mbaya."

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. Nami nilicheka, sikio langu likiwa kwenye simu. Walikuja mke wa meya, padri, mwuza mikate, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitoka ameshika leso mdomoni huku akishukuru. Daktari alikuwa mpole mno. Upole ule ndio uliochekesha, na ndio ulioanza kunitia wasiwasi, kwa sababu nilipogeuka nilimwona shangazi hacheki tena. Alikuwa ameegemea mbele, akimtazama yule mtu kama anayejifunza kazi.

Nikawaza juu ya kesho. Nikawaza juu ya turubai litakalofungwa uani kwetu, na wote watakaokaa chini yake: baba, wajomba, wanawake wazee waliomfungia shangazi mlango. Ni mimi ninayempeleka kati yao.

Kisha daktari akasimama mbele ya kioo, peke yake, akasema maneno mazito. Alisema hatawaachia hata jino moja, ili wajue mtu anavyojisikia akichekwa kila anapofungua kinywa.

"Anasema nini?"

"Anasema... anataka kuwatibu wote kabla hajazeeka."

Shangazi akabonyeza rimoti, picha ikasimama.

"Unanidanganya."

"Shangazi, mi..."

"Kifaransa sikisikii, lakini macho ninayo. Uso ule si wa mtu anayetibu. Unaogopa nini, we? Unaogopa nitawang'oa meno kesho?"

Nilitoka mlangoni nikatazama barabara, nikampigia dereva, hakupokea. Niliporudi nilimtafsiria maneno yale yote kama yalivyokuwa. Akaitikia kwa kichwa, akaachia picha iendelee.

Mwisho wa sinema ilikuwa karamu ya harusi ya binti wa meya. Meza ilijaa nyama choma, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutafuna. Walikuwa wakinyonya mifupa, wakitazamana kwa aibu. Daktari akapanda juu ya kiti, akavua kofia, akaanza kunyoa ndevu mbele yao kwa wembe mkavu. Akataja jina lake. Akawaeleza kila kitu, kijiko, masufuria, vicheko.

Wakatazamana. Meya akamwinamia mke wake akamnong'oneza.

"Hapo wanasema nini?" shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Meya anauliza, huyu ni nani. Mke wake anasema hajui. Hakuna anayemkumbuka, shangazi. Hata kijiko hawakikumbuki."

Daktari alibaki juu ya kiti, nusu ya uso imenyolewa, na sinema ikaishia hapo. Bila shaka watu wa zamani walicheka sana. Shangazi hakucheka.

"Mume wangu aliniambia wanapiga magoti," alisema. "Kila tukitazama, aliniambia hapo wanamwomba msamaha."

Honi ikalia nje.

Njia nzima, mpaka tukapita Karuzi, shangazi aliegemea kioo. Alitazama migomba na vilima dirishani, kitenge kipya kimekunjwa magotini. Mimi nilishindwa kutulia. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena, mpaka abiria wa nyuma akalalamika.

Tulifika Musinzira jua likiwa bado juu. Baba alikuwa msikitini, na aliporudi walisalimiana kama watu wanaokutana dukani. Jioni yote shangazi alikaa chumbani na bibi harusi, wakizungumza wawili tu, na mlangoni nilisikia mdogo wangu akicheka na kulia.

Siku ya harusi niliwekwa kwenye kugawa chakula, lakini sikuweza kumwondolea shangazi macho. Alikaa pembeni, upande wa wanawake, na hakuna aliyemfukuza wala aliyemsogelea. Kisha binamu yangu mmoja, binti mwenye adabu nzuri, akamletea sahani ya pilau.

"Karibu, mama. We ni wa upande wa bwana harusi?"

Shangazi akaiweka sahani chini. Akanyanyuka, akajitengeneza mtandio, akapita katikati ya turubai kuelekea walikokaa wanaume. Mimi nilimfuata na sinia mkononi. Alisimama mbele ya baba.

"Kaka, watoto hawa hawanijui. Waambie mi ni nani."

Mazungumzo yakafa kuanzia mbele mpaka nyuma. Baba alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili.

"Huyu ni dada yangu," alisema mwishowe. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Na mume wangu?"

Hapo alikawia. Mzee mmoja akakohoa. Shangazi hakupepesa macho.

"Shemeji yangu," baba alisema, na baadaye kidogo, "Mungu amrehemu."

"Amina," shangazi akajibu, akarudi mahali pake, akala pilau yake yote. Wanawake walianza kusogea, kwanza mmoja, kisha watatu, wakamzunguka na maswali. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaweka sinia chini, nikaketi.

Asubuhi iliyofuata shangazi aliondoka, ingawa mdogo wangu alimsihi abaki. Baba alimsindikiza mpaka kwenye lami, akamuuliza atarudi lini. "Njoo we kwanza," alimwambia, akapanda gari.

Baba hajaenda bado. Humpigia simu siku za Ijumaa, wanaulizana mvua, maharage, magoti yanavyouma. Juzi, nikiwa kwenye cherehani, aliniuliza kama gari za Muyinga siku hizi zinapakia sokoni au kwingine. Nilimwambia. Akasema sawa, akachukua pasi. Baada ya muda akaiweka, akatoka nje, akasimama barabarani akitazama magari.