Futi Haijui Siku ya Kuzaliwa

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, shangazi alivaa futi yake ya kupimia nguo shingoni. Ilikuwa ya njano, imechakaa hadi namba za mwanzo zimefutika, ila yeye alizijua kwa vidole. Siku moja alikwenda dukani kununua kiberiti bila viatu na hakugundua mpaka muuza duka alipomwambia. Lakini angesahau futi, angerudi kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Shangazi Futi, hata mwenye nyumba wake, mzee aliyemzidi umri kwa miaka saba.

Alikuwa fundi wa nguo za harusi. Na katika ukoo wao, aliyewashonea watoto wa msafara ndiye aliyewapangia kazi: nani amwage maua, nani abebe pete, nani ashike shela. Siku yenyewe ikifika, yeye ndiye aliyesimama nyuma ya pazia la ukumbi na kuwatoa mmoja mmoja kwa kuwagusa begani. Harusi kama arobaini alizisimamia namna hiyo, na hakuna hata moja aliyoiona kwa mbele. Ukimuuliza ni bibi harusi gani aliyependeza kuliko wote, angekujibu kwa habari za zipu, maana alichokijua ni migongo yao. Mpaka aokote sindano na kukunja vitambaa, huko ukumbini watu wameshakaa.

"Kinyozi hajinyoi," alizoea kusema, kisha anacheka.

Lakini safari hii harusi ilikuwa ya mtoto wa kaka yake, aliyefiwa na mama akiwa na miaka sita, na tangu hapo akalelewa chini ya meza ya cherehani, akichezea vifungo. Wiki tatu kabla ya harusi alikuja kujaribu gauni. Akasimama juu ya kigoda, mikono kaitanua, akasema bila kugeuka:

"Shangazi, kile kiti cha mama mbele pale ni chako."

"Nitakuja kukaa nikimaliza na watoto."

"Hapana. Ukimaliza na watoto nitakuwa nimeshapita. Nataka nikiingia nikuone umekaa. Nikikikuta kitupu, nageuza."

"Utageuza na gauni lenye mkia huo? Utajikwaa, mwanangu."

"Basi nitajikwaa, na aibu itakuwa ya fundi."

Shangazi akatia pini nne mdomoni, akaendelea na pindo. Ila usiku ule chai yake ilipoa bila kunywewa. Nani angekaa nyuma ya pazia? Wifi yake alijitolea, shangazi akamtazama kama mtu anayetazama shati lililoshonwa ndani nje. Watu wazima alikuwa ameshawajaribu huko nyuma: ukimweka mkubwa nyuma ya pazia, anachungulia harusi, na watoto wanatawanyika kama vifaranga. Akaamua kazi hiyo ampe mmoja wa watoto wenyewe. Mkubwa wao, yule aliyekomaa.

Na hapo ndipo alipokosea, kwa kosa ambalo ni fundi peke yake anayeweza kulifanya. Hakumuuliza mtoto yeyote umri wake. Aliwapanga foleni kibarazani, akawapima.

"Umri mtu anaweza kudanganya," alisema. "Bega halidanganyi."

Watoto walikuwa wanne. Wa kwanza, kajukuu ka miaka mitatu waliyemwita Donge kwa sababu kalikuwa ka mviringo pande zote. Huyo alipewa kikapu cha maua, hakukuwa na ubishi. Wa pili alikuwa Mlingoti, mtoto mrefu, mwenye miguu kama ngazi. Futi ikasema miaka minane. Shangazi akaandika kwenye kipande cha boksi la biskuti: pete. Wa tatu alikuwa Wakili, mtoto wa miaka tisa, mnene, aliyeweza kubishana na redio. Mabega yake yalisema kumi na tatu. Shangazi akampigia mstari mara mbili: pazia.

Wa nne alikuwa binti mmoja mwembamba, mfupi, mkimya. Walimwita Kisoda, maana, kama kifuniko cha chupa ya soda, hata ukimwacha mezani usingemwona upesi.

"Maua, pamoja na Donge," alisema shangazi. "Na nitakuwekea utepe mkubwa nyuma, kama kabichi."

"Shangazi, mimi nina miaka kumi na miwili."

"Futi inasema sita."

"Basi futi ikanifanyie mtihani wa hesabu kesho."

Wakili akacheka hadi akakaa chini. Shangazi naye midomo ilimcheza, lakini kilichoandikwa kwenye boksi la biskuti kilikuwa kimeandikwa. Utepe ukashonwa, na ulikuwa mkubwa kweli. Ukimwangalia Kisoda kwa nyuma ulidhani ni utepe unaotembea wenyewe.

Siku moja kabla ya harusi walifanya majaribio ukumbini, baada ya chakula cha mchana. Maua yalikwenda vizuri, ingawa Donge alikuwa akimwaga moja, anarudi kuliokota. Zamu ya pete ilipofika, Mlingoti alitembea hadi katikati ya ukumbi na kile kimto cha pete, akakiangalia, akakiweka chini, akalaza kichwa juu yake, akalala. Si kwa mzaha. Alikoroma.

"Mtoto wa miaka minane analala mchana?" shangazi akamuuliza mama wa Mlingoti.

"Minane ya nani? Huyu ana minne na nusu. Si wewe uliyemshonea kofia alipozaliwa?"

Shangazi akakumbuka kofia. Ilikuwa ya bluu. Lakini mtu aliyeiamini futi miaka thelathini hawezi kuikana mbele za watu kwa ajili ya kofia moja. Akasema mtoto amechoka tu, kesho atakuwa sawa. Na alipomgeukia Wakili pale kwenye pazia, akamkuta anamhoji fundi wa vipaza sauti kwa nini nyaya zipite upande ule na si huu. Pazia lilikuwa wazi kabisa.

"Kesho watakuwa sawa," shangazi akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Kesho ikafika. Kile chumba cha nyuma ya ukumbi kilikuwa na dirisha moja, viti vya plastiki vilivyopangwa hadi dari, na joto. Huko nje wageni wameshakaa, mpiga kinanda ameshaanza kupasha vidole. Bibi harusi alisimama pembeni, maua mkononi, macho yake kwenye mpasuko wa pazia. Kutoka pale alikiona kile kiti cha mbele. Kilikuwa kitupu.

Shangazi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamtafuta Mlingoti. Mlingoti alikuwa nyuma ya viti vya plastiki na kile kimto, na pete zilikuwa vidoleni mwake, vidole gumba vyote viwili. Wakili alikuwa anabishana na Donge kuhusu nani mkubwa kati yao. Donge, ambaye maneno yake yote hayakuzidi hamsini, alikuwa anashinda.

"Shangazi," alisema bibi harusi taratibu, "kiti."

"Subiri mwanangu, namvua huyu pete."

"Dakika tano, shangazi."

Ndipo Kisoda aliposogea. Kwanza alijipapasa mgongoni, akafungua ile kabichi ya utepe, akaivuta yote, ikatoka ndefu kama kamba ya nguo. Akachuchumaa mbele ya viti.

"Mlingoti, njoo uwe dereva. Gari linaondoka."

Viti vikasogea, Mlingoti akatoka. Kisoda akamfunga ncha moja ya utepe mkononi, ncha nyingine akamfunga Donge. Akazivua pete kwenye vidole gumba kwa mate kidogo. Kisha akamwendea Wakili, akampa kimto.

"Hizi pete watu watataka kukunyang'anya," akamwambia. "Ubishane nao. Umpe mwenye suti nyeupe tu."

"Kama akiwa na shati jeupe bila suti?"

"Usimpe."

Wakili akakikumbatia kimto kama hati ya kiwanja. Mlingoti na Donge wakapokea kikapu kimoja, dereva na abiria wake, wakasimama kwenye foleni wakinguruma kwa sauti ya chini. Kisoda akashika pindo la pazia, akalifunga vizuri, akaacha mpasuko wa kidole. Hakuchungulia harusi. Aliwatazama watoto.

Shangazi alikuwa bado kapiga magoti. Akamwangalia yule binti kuanzia juu hadi chini. Hapakuwa na mwendo mrefu.

"Kumi na miwili?" akauliza.

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na hukunikumbusha?"

"Nilikwambia. Ukaniambia futi imekataa." Kisoda akaangalia upande wa pazia. "Nenda, shangazi. Ukibaki hapa utaanza kutupima tena."

Shangazi akainuka, magoti yakalia. Akajivua ile futi shingoni, kitu ambacho hata mwenye nyumba wake hajawahi kukiona, akamvika Kisoda. Kwa Kisoda ilishuka hadi magotini.

"Dereva kwanza," akamwambia. "Wakili akifika kwenye lile zulia jekundu ndipo umguse bibi harusi. Na sindano ziko..."

"Kwenye kopo la maziwa, chini ya kiti. Najua."

Bibi harusi alimsogezea pazia kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa maua.

Shangazi akatoka. Shingo yake ilikuwa nyepesi, akawa hajui mikono aiweke wapi, akaishia kuifumbata mbele kama mtoto aliyetumwa. Watu wa viti vya nyuma waligeuka, wakadhani harusi imeanza. Akapita katikati yao, akakiona kile kiti, na ukumbi kwa mbele, ambao haukufanana hata kidogo na ukumbi kwa nyuma.

Hajafika nusu, akasikia sauti ya Wakili kutoka ndani ya pazia:

"Shangazi, Donge amevua kiatu."

Miguu ikasita. Kwa harusi arobaini ilikuwa imezoea kugeuka kwa maneno kama hayo. Kisha akasikia sauti nyingine, ndogo, ikisema, "Kimoja kinatosha, simama kwenye mstari," na akaendelea kwenda.