Mke wa Mtu Aliyerudi kutoka Nyotani

Luc alikuwa akipiga sinema za mfululizo kwa televisheni moja ndogo ya Butembo. Siku alipomletea Virginie Kavugho bashi nyeupe, turubai la plastiki, na kofia mbili za pikipiki, akimwomba ashone nguo za watu wanaotoka mbinguni, mama huyo alicheka hadi machozi. Miaka thelathini ya ushonaji: arusi, komunio, yunifomu za shule. Nguo za nyotani, hata siku moja.

Akashona siku nne. Alipomaliza ya kwanza aliitundika ukutani, akarudi nyuma hatua mbili atazame mikono ya nguo kama imelingana, mara akaketi. Vazi jeupe, kichwa kimefunikwa, vidole vimefunikwa. Ndivyo wauguzi walivyoingia uani mwaka ule wa Ebola kumchukua mume wake, Sikuli, ambaye hakurudi. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia. Binti yake wa pekee, Christa, ameolewa Kampala. Akaikunja nguo, akaitia katika mfuko, kesho yake akaipeleka kwa Luc.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: mtu anakwenda kwenye nyota ya mbali, anarudi Butembo baada ya miaka akiwa na ugonjwa usiojulikana, na mke wake anaruhusiwa kumsalimu kupitia plastiki tu. Mke angechezwa na Ornella wa Beni. Lakini Jumanne ya kupiga sinema barabara ya Beni ilifungwa, magari yakazuiwa kungojea wanajeshi wa kuyasindikiza. Luc akatazama huku na huku, macho yakamwangukia mshonaji.

"Mama Christa, ingia weye. Maneno ni kidogo tu: 'Karibu, mume wangu, tulikungojea sana.'"

"Mimi? Sijue kucheza, Luc."

"Usicheze, mama. Simama tu."

Akasimama. Ng'ambo ya plastiki kijana Jean-de-Dieu, mwendesha pikipiki aliyecheza mume, ndani ya vazi alilolishona Virginie mwenyewe, aliinua mkono akaugusisha kwenye plastiki. Maneno aliyopewa Virginie yakamtoka kichwani yote.

"Sikuli," akasema, "umekula? Banakupatia chakula? Ubaambie bakupikie sombe ya majani ya muhogo, ile ya bila pilipili."

Luc hakuzima kamera. Walipomaliza, Jean-de-Dieu alivua kofia, jasho likimtiririka, akauliza, "Mama, Sikuli ni nani?"

"Ni jina tu," akajibu.

Sinema ikaonyeshwa Jumapili mchana. Virginie hakuwa na televisheni, akaenda kwa jirani yake, Mama Élise, ambako watu walijaa hadi mlangoni. Watoto walizichekelea zile kofia, kwa maana waliijua pikipiki ya Jean-de-Dieu. Kisha ikatokea plastiki, na sauti yake Virginie. Kicheko kikakatika. Mwanamume mmoja aliinuka akatoka nje. Mama Élise akapunguza sauti ya televisheni pasipo kumtazama mtu. Ilipokwisha, wakazungumza juu ya mvua na bei ya muhogo. Virginie akaaga, na walimpisha njia upesi mno.

Jumatatu simu zililia kule televisheni. Wengine, hasa wa Beni, waliomba irudiwe, wengine walikasirika. Luc akaja kumweleza.

"Mukubwa amekataa kuirudisha, mama. Batu banasema tunacheka benye balikufa na Ebola."

"Na weye uliwajibu nini?"

"Niliwaambia weye haukucheka."

Christa akapiga simu siku mbili baadaye. Mtu alikuwa amemtumia kipande kile kwenye telefone.

"Mama, juu ya nini ulimutaja papa mbele ya batu bote?"

"Nilisahau maneno yenye balinipatia."

"Lakini haukunielezaka hata siku moja kama ulimuona kule kwenye kituo cha Ebola. Kama ulimuuliza vile."

"Haukuniulizaka, binti yangu."

Virginie akaitazama simu kama imekatika. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia tangu binti huyo alipokuwa mtoto:

"Na papa alijibu nini?"

"Aliitika na kichwa tu. Sijue kama alinisikia."

Virginie alisikia honi za magari ya Kampala na watu wakiitana, hadi simu ikakatika. Aliishika mkononi akingoja ilie tena. Jua liliposhuka nyuma ya mikaratusi, alifunga madirisha, akawasha makaa, akasonga bugali wa mtu mmoja.