Sakafu ya Shangazi

Wageni huniuliza kwa nini vitambaa ninavyochora kwa nta na rangi havina twiga. Twiga yuko wapi hapa Kakamega? Mimi nina shangazi anayeishi Lurambi. Kila Ijumaa hupaka sakafu ya jikoni mavi ya ng'ombe na udongo, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, vidole vyake vikiacha mistari ya nusu duara iliyopangana kama magamba ya samaki.

Siku moja niliichora mistari hiyo daftarini, kisha nikataka picha ya karibu. Nikaingia na simu kabla sakafu haijakauka.

"Mtu mzima wewe, na hujui sakafu mbichi haikanyagwi?" alinifokea.

Aliziba alama ya mguu wangu kwa hasira, na mistari ya hapo ikaelekea upande tofauti na mingine. Hiyo ndiyo niliyopiga picha.

Kwenye kitambaa niliweka mistari yote, hata ile iliyogeuka. Nilipompelekea sikumweleza lolote. Alikitandaza mezani, akakipapasa polepole, kidole kikasimama.

"Hapa ndipo ulipokanyaga," akasema.