Lori la Bi Mashavu

Kijiji kilipomchagua Mashavu awalee watoto wakati mama zao wako kwenye shamba la ujamaa, hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alipewa banda, sufuria ya uji na watoto ishirini na saba. Siku ya tatu, kichwa kikimgonga, akasema, "Endeleeni na kelele zenu, nitaliita lori liwachukue."

Banda zima likatulia tuli. Watoto wa kijiji hicho cha Mazingara walilijua lori. Mwaka uliotangulia, wa sabini na nne, ndilo lililowabeba na vitanda vyao na kuku wao kutoka makwao na kuwashusha hapo kijijini. Tangu siku hiyo Mashavu hakushika fimbo wala kupaza sauti, na watu wakamsifu kwa malezi. Sifa zilimpendeza, tusimfiche.

Mwezi wa pili lori likaja kweli, limeleta mbegu za mahindi. Watoto wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Kufika adhuhuri wote walikuwa wamepatikana, isipokuwa Mhina wa miaka minne. Mama yake, Mwaija, hakumlaumu mtu. Alijifunga kanga kiunoni akaingia porini, na kule kutolaumu kwake ndiko kulikomchoma Mashavu.

Alasiri Mashavu alimkuta mtoto amejikunyata kwenye mihogo, mahali alipokwisha kupita mara mbili akimwita.

"Mhina, mwanangu, mbona huitiki?"

"Nimenyamaza, Bi Mashavu," mtoto akanong'ona. "Sijapiga kelele hata kidogo."

Mashavu akaketi palepale mchangani. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mtu mzima.

"Lori halichukui watoto," akasema. "Nilikudanganya. Nisamehe."

Mhina akatambaa kutoka kwenye mihogo.

Asubuhi yake Mashavu aliyarudia maneno hayo mbele ya watoto wote na mama zao. Wazee wakaguna kwamba mtu mzima haombi msamaha kwa mtoto. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama, naye alichutama. Kelele zilirudi siku hiyohiyo. Zilipozidi aliwatoa nje wakimbie mpaka wachoke, na yule mtundu kuliko wote akapewa kazi ya kugawa vikombe vya uji.

Wiki moja baadaye Mhina alimvuta kanga.

"Bi Mashavu, na fisi anayekula watoto naye ni uongo?"

Mashavu akachuchumaa, macho yao yakawa sawa.

"Fisi yupo," akasema. "Ila mimi simtumi. Ukimwona, piga kelele. Nitakuja."