Milembe wa Uchinani

Nyuma ya soko la Bariadi kuna mtaa tunaouita Uchinani. Lilianza duka moja la mabeseni na viatu. Sasa ni safu nzima, na Wachina wenyewe wanalala humo humo, geti limefungwa, wanapika vyao na kucheka kwao. Salamu hawana. Anayewauzia bidhaa zao ni Milembe, binti wa marehemu Masunga, na chuki yote ya mtaa ikamwangukia yeye.

Kosa lake ni hili. Kwetu mtu akifa, nzengo, yaani umoja wa majirani, hufunga kila duka. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanaleta kuni na maji. Wachina hawafungi. Msiba wa kwanza Milembe aliomba ruhusa, akaambiwa akiondoka asirudi, na nyumbani ana mama mgonjwa wa kununuliwa dawa. Akabaki kaunta. Watu wakipita na jeneza wanamwona anampimisha mteja ndala.

Mwenyekiti wa nzengo, mzee Ndaki, hakuthubutu kugonga geti la Wachina. Ubabe wake wote akamshushia mtoto wa watu: akamfukuza kwenye nzengo.

Kisha mama akafa. Nani aje? Hakuna aliyeleta hata ukuni mmoja. Joakim, kaka yake Milembe, akaomba sururu na beleshi za nzengo, akanyimwa. Akaenda kununua Uchinani, na huko, nakwambia, akawakuta hao hao waliowasusa wamejaa dukani, Ndaki mbele yao, anajaribu viatu. Watu wazima hawana haya!

Wakachimba wenyewe, kaka na dada. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Milembe alichimba mpaka viganja vikachubuka, analia, tena kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Walipomaliza kufukia, Ndaki akatokea na wenzake wawili.

“Mwadila, mayu,” akasalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, kana kwamba hakuna kilichotokea. “Tumekaa kikao. Toa mbuzi, acha kazi ya Wachina, tukurudishe. La sivyo, siku ukifa wewe, msiba wako hatuukanyagi.”

Milembe alikuwa bado ameshika beleshi. Hakuitikia salamu.

“Nilikuwa nawaogopa kwa ajili ya mama, baba Ndaki. Mama nimeshamzika. Sasa mtaninyima nini?”